Asali Inayopinda Mwanga Kushoto

Jumatatu, tarehe 6

Nimekwisha! Mama mkwe ametangaza kwamba Ijumaa mnunuzi atapima asali yangu na ya shemeji, kaka wa mke wangu, na mwenye asali safi ndiye atakayeachiwa mizinga ya marehemu baba mkwe. Mke wangu anashangilia. Hajui kwamba nyuki wetu walihama siku nilipowafukiza kwa moshi wa tairi la baiskeli. Asali niliyo nayo ni sukari na maji, nimeiunguza kidogo ipate rangi. Tamu kabisa! Lakini mnunuzi hapimi kwa ulimi. Ana maabara. Anachuja mwanga hadi utetemeke upande mmoja tu, kisha anaupitisha kwenye asali. Asali huupinda kushoto. Sukari huupinda kulia, na kadiri inavyozidi ndivyo unavyozidi kupinda.

Jumanne, tarehe 7

Nimejitengenezea kipimo. Vioo viwili vya miwani ya jua, ile ya kukata mng'ao, glasi katikati, kipimapembe cha mwanangu. Vioo vikikingamana, giza. Ukiweka asali, mwanga unarudi. Unazungusha kioo cha mbele hadi giza, unasoma pembe. Kazi ya kitaalamu! Asali yangu: kulia. Nikabadilisha jicho. Kulia. Nikafunga mlango. Kulia vilevile!

Mke anatafuta miwani yake. Nimemsaidia kutafuta.

Jumatano, tarehe 8

Nimekwenda kumuuliza fundi wa maabara ya mnunuzi, eti kwa niaba ya rafiki. Mama mpole. Amesema wapo matapeli wanaochemsha sukari na limau: sukari inavunjika, inaanza kupinda mwanga kushoto. Yeye alikuwa anaonya. Mimi nilikuwa naandika.

Alhamisi, tarehe 9

Malimau! Nimechemsha mchana kutwa. Kushoto! Nimeruka, nimegonga kichwa kwenye kabati. Shemeji kaacha chupa yake ya asali sebuleni kwetu, nami nimeichungulia kwa siri: kushoto kidogo tu. Maskini. Kama kushoto kidogo ni asali, kushoto sana ni asali ya asali. Nimekamulia malimau yote yaliyobaki, nikachemsha tena.

Mke kauliza harufu hii ni ya nini. Nimesema nina mafua.

Ijumaa, tarehe 10

Fundi alianza na ya shemeji. Akazungusha kidogo, akaitikia kwa kichwa. Akaja kwenye yangu. Akazungusha. Akazungusha tena. Akaita wenzake! Nikakohoa kwa unyenyekevu, nikajiandaa kupongezwa.

Akasema hakuna nyuki duniani anayetengeneza kitu kile. Kisha akaniuliza, mbele ya wote, kama yule rafiki yangu hajambo.

Mama mkwe alionja kwa kidole. Akasema inafaa kwa kikohozi. Mizinga yote kwa shemeji.

Nyumbani nimemkuta mke jikoni, analia kimya. Baba yake aliichonga mizinga ile kwa mikono yake mwenyewe. Imeniuma. Imeniuma kweli.

Jumapili, tarehe 12

Shemeji ana moyo. Jana, kwa ajili ya dada yake, aliniletea mzinga mmoja, umejaa nyuki, nianze upya. Amesema nisifanye chochote, niwaache tu wafanye kazi. Mke ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Nimewaza usiku kucha. Njia yangu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kiasi! Nilikwenda kushoto mno. Nikichanganya na sukari isiyochemshwa, ya kulia, mwanga utarudi taratibu hadi pale pale pa asali ya shemeji. Hesabu ndogo tu! Nimenunua gunia zima.

Nyuki nimewafukuza asubuhi. Sukari inahitaji mahali pakavu, na mzinga una kifuniko kizuri.