Saba, Mbili na Vifungo vya Sista

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka kabla wiki haijaanza. Mapumziko ya mchana, poka kama kawaida karakanani kwangu: mimi, fundi saa wa mlango wa pili, na shemeji yangu kinyozi, kaka wa mke wangu. Kila mmoja hupewa karata mbili za siri, na tano huwekwa wazi katikati. Tunachezea vifungo chakavu vya makochi, kimoja sawa na kikombe cha chai. Dau la wanyonge.

Nikaletewa saba na mbili, za rangi tofauti. Fundi saa husema hizo ndizo mbovu kuliko zote, hutupwa bila kuagwa. Nikazitupa. Katikati zikaja saba, saba, mbili! Ningewanyoa wote, kinyozi akiwemo. Karakana hii nimeianzisha kwa sindano moja na mkasi wa kuazima. Naijua hasara nikiiona. Sitatupa tena.

Jumanne, 5 Machi
Sikutupa. Tatu na nane, nimo. Mbili na kumi, nimo. Hesabu yangu ni nyepesi: kuingia ni kifungo kimoja, na kifungo kimoja si kitu. Nimepoteza si kitu mara thelathini na moja.

Shemeji hutupa, hutupa, hutupa, huku akisafisha kucha kwa jino la kitana. Kisha anaingia mara moja na wafalme wawili, anazoa. Ule si mchezo, ni uvivu wenye bahati.

Jumatano, 6 Machi
Vifungo chakavu vimekwisha. Nikachota kwenye kopo la kochi la Sista, muuguzi mkuu wa zahanati. Ishirini na vinne, nimevivika mahameli nyekundu kwa mkono wangu. Kwa muda tu. Mahameli yenyewe imekwisha, na mwenye duka anasema rangi ile hairudi. Sista anakuja kuchukua kochi Jumamosi. Likimpendeza, atanipa viti vyote vya chumba cha kusubiri wagonjwa.

Nikapata nne na tisa. Nilihisi kitu.

Vyote viko mfukoni mwa Shemeji.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwomba anirudishie, kwa upole, kindugu. Akasema kilichoanguka mezani hakiombwi, huchezewa. Mke wangu akasema atakwenda kwa kaka yake, ni neno la dakika moja. Nikamkataza. Sijafika umri wa kuombewa. Akanitazama anavyotazama mshono uliopinda.

“Haya, baba watoto. Basi nisikie moja tu. Karata mbovu, tupa.”

Maneno ya mtu asiyejua mchezo.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi saa akanikopesha vifungo chakavu kadhaa. Nikatupa. Inachosha kuliko kubeba makochi. Fundi saa akaniuliza kama naumwa. Nikaingia na ree mbili, karata kubwa kuliko zote, nikavuta vifungo tisa. Nikatupa tena mpaka kiganja kikafa ganzi. Malkia wawili, nikavuta vilivyobaki. Vyote ishirini na vinne, vyekundu, mbele yangu!

Fundi saa akasema inatosha. Hata Shemeji alinihurumia.

“Simama, shemeji. Nenda kashone.”

Nilikwishanyanyuka, wallahi. Ila karata za mkono uliofuata zilishagawiwa, na kumwachia mtu karata bila kuzichungulia ni dharau. Nikachungulia. Saba na mbili.

Nani angezitupa? Zilikuwa na deni langu tangu Jumatatu. Nikasukuma vyote, nikiwa nimesimama vilevile. Katikati: mfalme, nne, tisa, mfalme, ree. Shemeji alikuwa na mfalme. Na ile nne na ile tisa zangu ndiyo kwanza zinafika leo, siku mbili baada ya msiba.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka nikijipanga kusema uongo gani. Nikakuta kochi limekamilika, vifungo vyekundu vimenyooka kama askari wa gwaride. Mke wangu alikwenda kwa kaka yake jana jioni. Anasema alivipata kabla chai haijachemka.

Sista akakaa. Akainuka. Akakaa tena. Akauliza vifungo vile kashona nani. Nilifungua kinywa, mke wangu akawahi. Kazi ya zahanati kapewa yeye. Mimi ni msaidizi wake. Shemeji kapita mlangoni, kanipigia saluti kwa kitana.

Jumapili, 10 Machi
Nimekaa peke yangu na kutafuta kosa liko wapi, bila kujionea huruma. Limeonekana. Ni kutupa. Ijumaa, kwa kufuata ushauri wa watu, nilitupa tatu na sita, na katikati zikaja tatu, tatu, sita. Ningeziweka, mchezo ungeisha mapema, na saba na mbili nisingekutana nazo kabisa.

Mke wangu kagawa kazi. Yeye atashona, mimi nitavika vifungo, kwa kuwa eti hapo siwezi kuharibu. Viti arobaini. Vifungo vinane kila kiti. Mia tatu na ishirini, vyote mikononi mwangu kuanzia kesho.

Kwa mtaji wa namna hiyo, mtu hana haja ya kutupa karata hata moja mpaka mwezi wa sita.