Kikapu cha Reli Kilichonivunjia Ugomvi Wangu

Kwa Mkurugenzi wa Usafiri wa Jiji

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUMALIZIWA UGOMVI WA MIAKA SABA BILA RIDHAA YANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, tena umeketi, maana si fupi. Mimi ni fundi viatu. Nimekaa kwenye benchi langu miaka ishirini na sita bila kuisumbua ofisi yoyote, hata mwaka ule bomba la maji lilipopasuka mlangoni kwangu nikawa napaka gundi huku miguu imo ndani ya maji. Lakini sasa yamenifika shingoni.

Nalalamikia reli yenu nyembamba. Huenda wewe hujaipanda, kwa hiyo nieleze. Nguzo zimesimamishwa kando ya barabara, juu yake imepita reli isiyozidi unene wa paja la mtu mzima, na chini ya reli vinaning'inia vigari vya watu wawili wawili visivyo na dereva. Unaingia, unabonyeza jina la kituo chako, kinakupeleka moja kwa moja bila kusimama popote. Sisi tunaviita vikapu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vinafika kwa wakati. Zamani nikichelewa kufungua nilisema neno moja tu, foleni, na mteja akanionea huruma, tena akanisimulia ya kwake. Juzi nilimwambia mwalimu mkuu wa shule ya jirani kwamba kikapu kilichelewa. Akanitazama kama mimi ninavyotazama kiatu cha plastiki.

2. Vinapita dirishani kwangu. Karakana yangu iko ghorofa ya kwanza, na vikapu vinapita usawa wa benchi langu kila baada ya nusu dakika. Mshonaji wa mtaa wa pili aliviona viatu vyake viko kwenye kona ileile nilikovitupa wiki tatu zilizopita. Akagonga kioo, akaninyooshea kidole, akapita. Kesho yake akapita tena, kidole kimenyooshwa tangu kwa mbali. Imenibidi nifanye kazi.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Nina kaka mmoja, kinyozi, anayekaa upande wa pili wa jiji. Miaka saba iliyopita alimwoza binti yake, nami nikamtengenezea kaka viatu vyeusi vya ngozi kwa mikono yangu, kazi ya majuma matatu. Siku ya harusi akashika kipaza sauti mbele ya watu wote, akasema viatu alivyovaa vinalia kama bata aliyekanyagwa. Ukumbi mzima ukacheka. Niliweka sahani chini, nikamshika mke wangu mkono, tukaondoka. Tangu siku hiyo sikusema naye.

Ndugu Mkurugenzi, ugomvi wa namna hiyo hauwezi kuishi bila msongamano wa magari. Kutoka kwangu hadi kwake ilikuwa saa mbili na nusu, mabasi mawili na kipande cha kutembea. Kila mwaka moyo wangu ulilainika mara moja au mbili. Nilivaa koti, nikafika kituoni, nikaiona foleni, nikarudi nyumbani na hasira yangu ikiwa salama. Nyinyi mmeifanya safari hiyo iwe ya dakika kumi na nne.

Jumatatu iliyopita nilikuwa nakwenda kununua ngozi. Asubuhi, watu wakiwa wengi, mashine yenu huwapakia pamoja wawili wanaokwenda kituo kimoja. Nimeketi tu, akaingia kaka, ana mfuko wa nyembe alizokuja kununua upande wetu. Nikainuka nitoke, mlango ukafungwa, na ile sauti ya kike ikatutakia safari njema. Viti vinatazamana, Mkurugenzi. Magoti yanagusana. Nilitazama mapaa ya nyumba hadi yakaisha. Nikasoma tangazo la kukataza kula hadi nikalihifadhi. Mwishowe macho hayakuwa na pa kwenda ila chini, nikaviona viatu. Vilevile. Vimepigwa rangi vikang'aa, soli imelika upande wa nje kama alivyotembea tangu utotoni, na kila alipohamisha mguu vililia.

Kaka akasema, macho yake dirishani, "Uliondoka kabla sijamaliza."

Tukapita kituo, kisha kingine.

"Nilikuwa nakuja kusema navipenda hivyohivyo, na aliyevitengeneza ni mdogo wangu, asimame apigiwe makofi. Nikageuka, kiti chako kitupu."

Kwenye basi ningeteremka kituo kinachofuata nikaenda zangu na msimamo wangu. Kikapu hakisimami. Ikabidi nimwangalie, nikaona kichwa chake chote kimekuwa cheupe na mimi sikuwepo. Nikamwambia avue kiatu cha kulia. Nikakikunja, nikasikiliza, nikagundua pale ndani ya soli nilisahau kupaka gundi. Kosa lilikuwa langu. Nikamwambia hivyo. Tuliteremka yeye akiwa na soksi mguu mmoja, mimi nimebeba kiatu, wote wawili tunapangusa macho na kusingizia vumbi.

4. Tangu hapo anakuja karakana kila anapofunga kibanda chake cha kunyolea, na ana maoni juu ya kila mshono wangu. Mke wangu, ambaye kwa miaka saba aliitikia kwamba kaka hana adabu, amekiri kwamba yeye na mke wa kaka wanatembeleana kila Alhamisi tangu reli ifunguliwe. Nyumba nzima ilikuwa imepatana, nimebaki mimi peke yangu kulinda mpaka.

Kwa hiyo naomba: kwanza, vitengwe vikapu vya mwendo wa saa mbili na nusu kwa watu wenye ugomvi wa kifamilia. Pili, viti vigeuziane migongo. Tatu, ofisi yako inipe barua yenye mhuri, inayothibitisha kwamba ni mashine iliyotupatanisha na si kwamba mimi nililegea.

Nisalimie katibu wako, walinzi wa getini, mafundi wanaopanda nguzo wakati wa jua kali, na yule dada anayetutakia safari njema, ikiwa ni mtu.

Wako mwenye hasira kadiri inavyowezekana,

Fundi Viatu, juu ya duka la vitambaa.

Tanbihi: Nimeifungua tena bahasha. Dada yetu mkubwa, aliyetulea baada ya mama kufariki, anakaa ng'ambo ya mto, mbali kupita kituo chenu cha mwisho, na magoti yake hayamruhusu kutembea hadi hapo. Jumamosi mimi na kaka tulikwenda kumwona kwa miguu kutoka kituoni, kaka akihesabu hatua, mimi nikitafuta mahali pa kusimamisha nguzo. Zinatosha nguzo arobaini na moja kuifikisha reli kwake. Ramani aliyoichora kaka nimeiambatanisha. Malalamiko mnaweza kuyachana, ila ramani msiikunje. Na nguzo ya mwisho ikikosa mahali, dada amesema iwekwe uani kwake, atahamisha kamba ya nguo.