Fundi Pujol na Madirisha ya Pompano

Septemba ni mwezi ambao mtu mwenye akili zake hapandi meli ya starehe huku kwetu, na ndiyo maana Septemba meli hujaa. Vimbunga vinakuja, bei za tiketi zinashuka, na wazee wetu wa Florida wakiona bei imeshuka wanasahau hata majina ya wajukuu.

Asubuhi hiyo Evaristo Pujol alikuwa bandarini akimsubiri Mkanada mmoja amlipe kodi ya nyumba ya ufukweni. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mtu mwingine, lakini hayo ni mambo madogo. Mkanada hakutokea. Evaristo akabaki amesimama na shati lake jeupe la guayabera lililopigwa pasi vizuri, kahawa mkononi, hasira puani, akitazama foleni ya wazee wakiburuta masanduku yao kuelekea melini.

Ukutani televisheni ilimwonyesha Odalys, kimbunga cha msimu, akijizungusha huko Karibi. Mbele yake walikuwa wamechora ile pembe nyeupe ya kuonyesha anakoweza kwenda. Sasa, sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu na hiyo pembe. Mji wako usipokuwa ndani yake, basi umepona, kimbunga ni cha watu wengine. Watabiri wanatukanya kila mwaka kwamba pembe huhama, na kila mwaka tunawaitikia na kwenda zetu kuogelea.

"Umefunga mbao madirishani, Hollis?" bibi mmoja kwenye foleni akamuuliza mzee mwenye kaptura ya maua.

"Nifunge za nini? Huyo anakwenda zake Atlantiki."

"Hata mimi sijafunga. Mtaa mzima wa Mwari pale Pompano hatujafunga!" akasema bibi kwa fahari, utadhani ni sifa.

Mtaa mzima! Kahawa nusura immwagikie Evaristo kwenye guayabera. Akajitenga pembeni, akampigia simu binamu yake Nivaldo, ambaye alikuwa na gari la mizigo, drili, na moyo mwepesi wa kushawishika.

"Nivaldo, umeshafunga nyumba yangu?"

"Sasa hivi nimekaza skrubu ya mwisho. Hata panya hapiti."

Kuhusu nyumba hiyo inabidi niseme. Ilikuwa Hialeah, vyumba viwili na kibaraza, na aliachiwa na mama yake, marehemu Eneida, aliyeinunua kwa kushona magauni ya harusi za watu mpaka macho yakamchoka. Katika maisha ya Evaristo ndiyo ilikuwa mali pekee aliyoipata bila kumdanganya mtu. Haikuwa na bima, maana aliwahi kuidanganya kampuni moja ya bima na kampuni nyingine zikapata habari. Lakini aliipenda. Mbao zake za plaiwudi, nene na nzuri, alizipima na kuzikata mwenyewe, dirisha kwa dirisha, na kila kimbunga kikizaliwa zilikuwa zimeshapanda ukutani kabla watabiri hawajafungua midomo.

"Basi nisikilize," akamwambia Nivaldo. "Kuna mtaa mzima wa wazee Pompano unapanda meli madirisha wazi. Kimbunga kikigeuka watalia, na mimi nitakuwa pale pale kuwafuta machozi. Nitawauzia ufundi."

"Mbao tutazitoa wapi? Madukani hakijabaki hata kibao cha kukatia nyama."

"Nani kakwambia tutafunga? Kimbunga kikipita kwao kitabeba kila kitu. Nani atajua mbao hazikuwepo? Kisipopita, wakirudi wanaambiwa fundi ameshazifungua na kuondoka nazo. Haya, nionyeshe shimo la mpango huu liko wapi."

Nivaldo alikuwa mtu wa kuona mashimo kila mahali. Safari hii akatafuta, akatafuta, akakosa.

Evaristo akakata tiketi, akapanda na wazee. Meli iliyokuwa iende Bahamas ikaelekea Mexico ili kumkwepa Odalys, na abiria wakanung'unika mpaka chakula kilipotandazwa. Siku ya pili Odalys akabadili mawazo. Ile pembe ya televisheni ikapinda, ikailalia Pompano kama paka aliyepata mto. Ukumbi wa chai ya asubuhi ukawa kama msibani. Watu wameshika sahani zilizojaa mayai na hawali.

Hapo ndipo sauti ya Evaristo ikasikika karibu na mashine ya juisi. Alikuwa akiongea na simu isiyokuwa na mtu.

"Haiwezekani, mheshimiwa! Vijana wangu wamejaa kazi. Labda niwabanie mtaa mmoja mdogo, tena wa karibu karibu, nao niutoe wapi?"

Bibi wa kwenye foleni alishamfikia. Huyu alikuwa Winifred Oglesby, mjane, mwembamba kama ufagio, mwenyekiti wa wakazi wa Mtaa wa Mwari. Nyuma yake alikuja Hollis Trask, daktari wa meno mstaafu, mtu tajiri ambaye hajawahi kuonekana akiacha bahashishi.

"Mwanangu, nimekusikia ukitaja kazi. Kazi gani hiyo?"

"Kufunga mbao, bibi. Fundi Pujol, kwa huduma yako. Lakini samahani sana, tumejaa."

"Fundi hajai, mwanangu, bei tu haijafika. Utatulipisha ngapi?"

Evaristo akataja bei kwa huzuni, macho chini, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa. Trask akaguna. Bibi Winifred wala hakuguna.

"Tutakulipa meli ikifika nyumbani. Ila kila mwenye nyumba aone kwanza picha ya nyumba yake imefungwa. Mwaka ule wa vimbunga vinne nilimlipa fundi mwenye uso mzuri kama wako. Mpaka leo namtafuta."

"Picha?" akasema Evaristo.

"Picha. Au vijana wako hawana simu?"

Dakika chache baadaye Fundi Pujol alikuwa juu kwenye sitaha, upepo unampiga, anaongea na binamu yake kwa sauti ya chini.

"Nivaldo, fungua zile mbao."

"Mbao zipi?"

"Za nyumbani kwangu. Nenda nazo Pompano. Funga nyumba ya kwanza, mbele tu, piga picha, fungua, hamia ya pili. Mtaa wenyewe hauna mtu, wote ninao hapa wanakula keki. Ukimaliza, unazirudisha kwangu."

Nivaldo akashusha sauti na yeye.

"Evaristo, hiyo ni nyumba ya shangazi. Na kimbunga kinakuja."

"Kinakuja Pompano! Huoni televisheni? Hialeah haimo kwenye pembe."

Mtoto wa Florida huyo, amezaliwa huku na kukulia huku.

"Na vipimo je?" akauliza Nivaldo kwa unyonge.

"Ubao unakubali dirisha lolote, mradi dirisha ni dogo kuliko ubao. Nenda, bwana!"

Picha zikaanza kuingia mchana. Ya kwanza nyumba ya Trask, madirisha yote ya mbele yamezibwa vizuri. Trask akaibusu simu. Ikaja nyumba ya akina Gundersen, halafu ya dada wawili wasioongea, na kila picha ikifika meza nzima inapiga makofi. Evaristo akanunuliwa vinywaji mpaka akawa anavimwaga kwenye maua ya plastiki. Bibi Winifred pekee hakupiga makofi. Alikuwa anaiomba kila picha, anaisogeza puani, anaitazama kwa utulivu, anairudisha.

"Nyumba yangu iwe ya mwisho," akasema. "Mwenyekiti hawezi kujitanguliza."

Wakampigia makofi na yeye. Zamu yake ilipofika, na picha ikaja, akatikisa kichwa.

"Mbele nimeona. Na ubavuni? Na jikoni? Mimi ni mjane, mwanangu, naogopa. Nataka pande zote nne."

"Bibi, wenzako wote wameridhika na mbele."

"Wenzangu wana waume."

Basi Nivaldo, jasho linamtoka na upepo umeanza kuvuma, akafunga pande zote nne. Mbao zote za nyumba ya Eneida zikawa kwenye kuta za Winifred Oglesby. Picha zikaja, bibi akasema ahsante, akaomba ruhusa akapige simu kidogo.

Evaristo akavuta pumzi ya mtu aliyemaliza kazi. Akaenda kusimama mbele ya televisheni ya baa. Pembe ilikuwa imehama tena. Imeteremka kusini, imeiacha Pompano ukingoni, na katikati yake kabisa ilikuwepo Hialeah.

Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Simu ikaita kabla hajaishika vizuri.

"Evaristo, nimepatikana," akasema Nivaldo. "Nimefungua skrubu mbili tu, nimezungukwa na askari wawili."

"Waambie mbao ni zangu!"

"Nimewaambia. Wanasema mwenye nyumba kapiga simu kutoka baharini. Kawaambia fundi wake ameshamaliza kazi, na mtu yeyote watakayemwona anafungua mbao kimbunga kikiwa njiani ni mwizi. Wameniuliza, kama mbao ni zako zinafanya nini kwenye nyumba ya bibi?"

"Ukajibu nini?"

"Wewe ungejibu nini?"

Evaristo Pujol, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu akiwa darasa la pili, akaihamishia simu sikio lingine.

"Sasa wananisindikiza nivuke daraja la kutokea mtaani," Nivaldo akaendelea. "Nikishavuka wanalifunga. Binamu, nisamehe. Nitajaribu kuweka magodoro madirishani."

Evaristo alimkuta Bibi Winifred sitahani, kwenye kiti cha kujinyoosha, anakula keki ya ndimu. Safari hii Evaristo hakuja na uso wa fundi. Alikuja na uso wake mwenyewe, ambao hata mimi sijawahi kuuona.

"Bibi, nakuomba. Wapigie tena wale askari. Zile mbao ni za nyumba ya mama yangu. Sina nyumba nyingine. Sina kitu kingine."

"Keti, mwanangu." Akamsogezea kiti. "Kwenye picha ya Hollis niliona ubao mmoja una tundu la mraba, la kupitisha kiyoyozi cha dirishani. Mtaani kwetu hakuna mwenye kiyoyozi cha dirishani. Nikasema, labda. Picha ya Gundersen, tundu lile lile. Kwa wale dada, lile lile. Tundu linatembea mtaa mzima kama tarishi."

"Kwa hiyo ulijua! Na hukuwaambia wenzako?"

"Ningewaambia, mbao zingefika kwangu?"

Evaristo akakaa kwenye kile kiti. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekutana na mtu wa fani yake aliyemzidi, tena amevaa soksi za kubana miguu.

"Nyumba ni ya mama yangu, bibi," akarudia, na machozi yakamtoka kweli.

"Nimesikia, na nina huruma, sikufichi." Alikuwa nayo kweli, alikiweka kijiko chini. "Na mimi nina nyumba moja. Lakini daraja limeshafungwa. Hata nikipiga simu sasa, nani atavuka?"

Bandari ikafungwa. Meli ikabaki kuzunguka mbali na dhoruba, mchana kutwa, usiku kucha, muziki unapigwa na barafu haiishi. Mwizi wa kawaida mambo yakiharibika hutoroka. Evaristo angetorokea wapi, kwenye bwawa la kuogelea? Alikaa mbele ya televisheni na hakula. Wazee wakasema, jamani, tazameni fundi anavyotuhurumia.

Odalys akaingia kusini. Pompano ikapata mvua na matawi machache barabarani. Hialeah ikapigwa usiku wote.

Habari kwamba Mtaa wa Mwari umesalimika zilipofika, wazee walicheza dansi. Bibi Winifred akasimama juu ya kiti, akagonga glasi.

"Majirani, nina la kusema! Nimemwita Fundi Pujol nimlipe. Mnajua kaniambia nini? Amekataa! Anasema wajane na wazee hawalipishwi. Na mbao zangu kaniachia, niwe nazo maisha."

Ukumbi ukalia. Hivi ndivyo ilivyo, siongezi chumvi: watu wazima walilia. Evaristo akamtazama yule bibi, bibi akamtazama yeye, na kwa adabu kabisa akapeleka jicho kwa mkuu wa usalama wa meli aliyesimama mlangoni. Evaristo akainamisha kichwa, mkono kifuani.

"Si kitu," akasema. "Ni wajibu tu."

"Hapana, hatukubali!" akafoka Trask, ambaye kupona kwa pesa zake kulikuwa kumemlegeza moyo. "Lazima tumpe zawadi. Safari nyingine! Nitainunua mimi mwenyewe, mtanirudishia."

Bandarini Nivaldo alikuwa anasubiri na gari la mizigo. Nyuma ya gari palikuwa na godoro linalochuruzika maji na cherehani ya marehemu Eneida imefungwa kwa blanketi.

"Niambie," akasema Evaristo.

"Cherehani nimeiwahi."

"Nyumba, Nivaldo."

"Upepo uliingia madirishani, ukatokea darini. Kuta zipo." Nivaldo akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini paa hakuna, binamu. Nimelitafuta mpaka mtaa wa tatu."

Evaristo akakaa chini pale pale ukingoni mwa barabara, guayabera na yote, akalia kwa sauti. Wazee wa Mtaa wa Mwari waliokuwa wanapita na masanduku yao wakampigapiga begani mmoja mmoja. Bibi Winifred akapita wa mwisho. Alisimama kidogo, akamwachia leso yake, akaenda.

Alipomaliza kulia, Evaristo aliitoa ile tiketi ya zawadi mfukoni na kuisoma vizuri. Hairudishwi, haiuzwi. Watu wawili. Meli ile ile, inaondoka alasiri ile ile, kwa kuwa Septemba ndiyo rahisi. Trask alikuwa ameitafuta kwa makini, akachagua chumba cha bei ya chini kuliko vyote.

"Tutalala wapi leo?" akauliza Nivaldo.

"Tuna chumba melini. Vitanda viwili, chakula bure." Evaristo akapenga kamasi kwenye leso ya bibi. "Ila ni kile cha ndani kabisa. Hakina dirisha."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Afadhali," akasema Nivaldo, na akaanza kuishusha cherehani.