Nimesahihisha Saa ya Tovuti Nzima

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, anayempandisha mja wake na kumshusha anapoona amejipandisha mwenyewe. Namshukuru kwa afya, na kwa hili la leo pia namshukuru.

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, hapa Wembley, tena mubashara.

Tovuti ya jumuiya yetu ni kubwa, ina lugha tano: Kiingereza, Kigujarati, Kisomali, Kiarabu na Kiswahili. Kurasa za Kiswahili nazisimamia mimi tangu mwanzo. Sasa wataalamu wetu wanaihamishia kwenye mfumo mpya. Huko maandishi yote yanawekwa ghala moja, kisha yanachotwa kwenda kwenye tovuti, kwenye simu za watu na kwenye skrini ya ukumbini. Ukiandika huoni ukurasa. Unaona visanduku tu. Visanduku! (Zamani mtu aliandika, akaona alichoandika, akafurahi. Wakaona raha hiyo imezidi.)

Mkuu wa wataalamu hao ni Nasra, binti wa jirani yangu, mzaliwa wa hapa hapa. Jana alikuja kunifundisha.

"Babu, wewe jaza maneno tu. Saa usiguse."

"Kwa nini? Mimi nimeanza kusoma saa mama yako hajazaliwa."

"Najua, Babu. Please, usiguse."

Leo tulikuwa na mgeni. Sheikh Hamadi, niliyekaa naye mkeka mmoja chuoni Unguja, alikuja kutoka Leicester kutoa mawaidha saa saba mchana. Mtu huyu ana maneno. Nilipokwenda kwake, watu walijaa mpaka viatu vikakosa pa kukaa, akaniuliza kwa upole wa uongo, "Na kwenu, sheikh, huwa wanakuja?" Nikamwambia aje ajionee.

Asubuhi, baada ya chai, nikafungua visanduku kukagua tangazo la Kiswahili. Nakuta nini? Kwenye saa pameandikwa 1:00 PM. Saa moja! Kwa Waswahili! Nikacheka peke yangu. Hawa ndio wataalamu. Wamemaliza vyuo vikuu, wanatazama kompyuta mbili kwa mpigo, na hawajui kwamba Mswahili ukimwambia saa moja atakuja giza limeshaingia. Nikafuta, nikaweka 7:00. Ile PM nikaiacha, maana mchana ni mchana. Nikabonyeza kuchapisha, nikamshukuru Mungu aliyenipa macho kuliko vijana. (Naam, nilisema hivyo. Kwa sauti.)

Saa saba ikafika. Ukumbini tupo mimi, Hamadi, viti na sufuria la biriani. Dakika zikapita. Hakuna hata mtoto.

"Mashallah," akasema Hamadi, akivitazama viti. "Wametulia sana."

"Wanatafuta pa kuegesha magari."

"Wote?"

Hapo nikachafukwa. Nikapanda jukwaani, nikabonyeza kitufe cha kurusha mubashara alichonionyesha Nasra. Kamera ikawaka, na skrini kubwa nyuma yangu ikawaka pamoja nayo. Nikaanza.

"Enyi watu wa Wembley! Ingekuwa harusi mngekuja na watoto na vyombo vya kubebea chakula! Kazini kwa Mzungu mnawahi, kwa mawaidha mnalala! Mgeni ametoka Leicester, nyinyi hamjatoka kitandani! Hamjui kusoma saa?"

Meseji zikaanza kumiminika kwenye simu iliyokuwa mbele yangu. Nikasema moyoni, wanatubu. Miwani nilikuwa nimeiacha mezani, nikamwomba Hamadi anisomee.

Akasoma taratibu, kama anayesoma dua. "'Babu, geuka nyuma.' Mwingine: 'Mzee wetu, geuka.' Huyu amecheka tu. Huyu naye: 'Geuka, Babu, tafadhali, mbavu zangu.'"

Nikageuka. Juu ya kichwa changu, kwa herufi ninazozisoma hata bila miwani: Mawaidha ya Sheikh Hamadi, leo, 7:00 PM. Chini yake, kwa Kiswahili fasaha: saa moja usiku.

Simu ikalia. Nasra.

"Babu, uliigusa saa?"

Ulimi ulitaka kukana. Namwogopa Mungu. "Niliisahihisha."

"Kisanduku cha saa ni kimoja kwa lugha zote! Mfumo wenyewe ndio unaigeuza kuwa saa ya Kiswahili. Ile 1:00 ingetoka saa saba. Sasa umewasahihishia Wasomali, Wagujarati na Waarabu pia. Wote wanakuja usiku."

"Basi, mwanangu, nifanye nini?"

"Kwanza zima kamera, Babu. Bado uko hewani."

Hamadi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Amekubali kubaki mpaka usiku. Amekula biriani kwa niaba ya ukumbi mzima, na sasa anakoroma kwenye kochi langu. Dada yangu wa Unguja ameshanipigia kunipa pole, kwa hiyo video imefika mbali. Nasra anasema waliothibitisha kuja wameongezeka maradufu, na hakuna hata mmoja aliyemuulizia Hamadi.

Basi mnaokuja, karibuni. Nawaomba kitu kimoja tu: msicheke mpaka nimeketi. Mungu awape subira wote mliosoma haya, awahifadhi nyinyi na watu wenu, na awaepushe na kusahihisha msichoulizwa. Amin.