Tai wa Mutisya na Sekunde Tisa

Jumatatu, 8 Desemba

Msimu umekwisha. Tai wa Outering, timu yetu ya mpira wa kikapu, wamekosa kombe kwa pointi moja. Sabini na mbili kwa sabini na moja. Leo stoo nimehesabu katoni za sabuni mara tatu, na mara zote nimepata sabini na moja.

Niandike ukweli hapa, maana hapa hasomi mtu. Jana zilibaki sekunde tisa. Tunaongoza. Mpira uko kwa Wandera wetu. Refa akapiga filimbi, eti Wandera amekanyaga mstari. Hakukanyaga! Nilikuwa safu ya pili, kiatu nilikiona chote. Mkononi nilikuwa na tai wa Mutisya, jirani yangu wa ghorofa ya juu. Mutisya ni mchongaji, na tai huyo alimchonga mwenyewe kwa gogo la muhugu. Tumemwinua pamoja misimu kumi na mmoja. Dakika za mwisho huwa ananipa mimi nimshike, kwa kuwa yeye hawezi kutazama. Hufumba macho.

Sijui ilikuwaje. Tai akaruka. Akapita juu ya kichwa cha refa, akateleza hadi katikati ya uwanja, bawa moja likakatika. Refa akawapa wapinzani mitupo miwili huru kwa utovu wa nidhamu wa mashabiki. Yote ikaingia.

Askari wa ukumbi akaja na tai, akauliza nani amerusha. Nikamtazama Mutisya. Sikusema neno, nilimtazama tu. Na chini ya tai kumechongwa jina lake. Wakamtoa nje huku mashabiki wetu wenyewe wakimzomea. Mlangoni aligeuka mara moja.

Najuta. Lakini kujuta ni kitu kimoja, kukiri ni kingine.

Jumatano, 10 Desemba

Warigia, mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki, ametangaza kwenye kundi la simu kwamba Mutisya atafungiwa msimu mzima, mkutano wa Jumapili ukithibitisha. Watu wakaunga mkono kwa vidole gumba. Nami nikaweka changu, nisije nikashukiwa. Nimekiona kidole hicho siku nzima.

Nilikutana na Mutisya kwenye ngazi, nikamwambia pole. Akasema asante. Afadhali angenitukana.

Mpango: barua isiyo na jina. Shahidi aliona shabiki wa timu pinzani akimpokonya Mutisya tai na kumrusha. Haumii mtu, isipokuwa mtu ambaye hayupo. Nikaenda kuichapisha Eastleigh, ambako sijulikani. Batulo, dada wa saiba, kile kiduka cha kompyuta, aliisoma yote kwanza. Akauliza huyu shahidi alikaa wapi hata akaona vidole vya mrushaji. Nikajibu kwamba alikaa karibu.

"Karibu sana, mzee," akasema.

Nimesahau mwavuli wangu huko. Siurudii.

Alhamisi, 11 Desemba

Barua imefika. Warigia anasema ni wazi imeandikwa na Mutisya mwenyewe, maana nani mwingine angejisumbua kumtetea? Sasa wanataka misimu miwili: mmoja wa kurusha, mwingine wa kudanganya.

Nimekula githeri bila chumvi kama adhabu. Haijasaidia.

Ijumaa, 12 Desemba. Jamhuri

Mpango wa pili, huu wa heshima. Nimechinja jogoo, nikamwalika Mutisya na mkewe Kavutha. Kwetu magharibi firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mtu mwingine haigusi. Leo niliiweka kwenye sahani ya Mutisya kwa mikono miwili. Mwenye akili angeelewa: nimekosa, nimenyenyekea, nisamehe, na tusiongee habari hii tena.

Mutisya akaitazama, akashukuru vizuri, akasema yeye huwa hali vitu vya ndani vya kuku. Akampa paka. Firigisi yangu! Paka hakubakisha kitu.

Aliyeelewa ni Asenath, mke wangu. Wageni walipotoka alifunga mlango.

"Baba Lorine, miaka kumi na tisa hata mimi hujanionjesha firigisi. Leo unampa jirani. Umemfanyia nini?"

Nikasema ni ukarimu wa sikukuu. Akaketi, akangoja. Asenath akingoja, hata jiwe litasema. Nikamwaga yote, mpaka mwavuli. Akasema nisipotamka Jumapili atatamka yeye, na yeye hafupishi.

Jumapili, 14 Desemba

Mkutano ulikuwa mtaa wa Fedha, baada ya kanisa. Niliomba dakika mbili. Nikaona ni busara kuanza na historia ya klabu. Dakika ya kumi bado nilikuwa msimu wa kwanza, na Warigia akaniuliza kama nina nia ya kufika mwaka huu.

Hapo Mutisya akainua mkono. Alisema barua si yake, lakini tai ni wake, na mbwa akiuma mbuzi wa watu mwenye mbwa ndiye huitwa. Atakubali misimu yote miwili, mradi wamrudishie tai wake. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikakumbuka dakika zote za mwisho, yeye amefumba macho ananiuliza, "Imeingia?" nami namwambia. Miaka kumi na mmoja mtu huyu ameona mwisho wa kila mechi kwa macho yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilirusha mimi. Barua pia ni yangu."

Nilitaka kuongeza kwamba Wandera hakukanyaga mstari, lakini Asenath alikuwa amesimama mlangoni. Nikaketi.

Nimefungiwa misimu miwili. Mutisya ameachiliwa, na tai amerudishiwa. Nje nilimwomba msamaha. Akasema alijua tangu siku ile. Alikuwa amefumba macho, hakuwa amelala. Alikuwa akingoja tu nimwambie mwenyewe. Kilichomuuma hakikuwa kuzomewa. Ni vile nilivyomtazama.

Nililia kidogo, pale penye pikipiki za watu. Sijawahi kujionea haya namna ile.

Jumatano, 17 Desemba

Mutisya ameteremka kunijulia hali! Amembandika tai bawa jipya, jeupe kidogo kuliko la zamani. Anasema msimu ujao naye haendi ukumbini, maana nani atamwambia kama imeingia? Tutatazama mechi kwake, kwenye runinga. Jumamosi hii wanarudia fainali, na nimealikwa.

Rafiki wa namna hii sikumstahili. Nimeapa mbele ya Asenath kwamba mimi ni mtu mwingine. Asenath alikuwa anachambua mboga, akaendelea kuchambua.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimetoka kwa Mutisya sasa hivi. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Runinga ni mpya. Nzisa, binti yao, aliwaletea mwezi uliopita. Kavutha alikuwa jikoni anapika chapati. Tulitazama vizuri, tukicheka hata mahali pa kuumiza. Zilipobaki sekunde tisa Mutisya akanikabidhi tai, akafumba macho. Alinikabidhi mwenyewe, bila hata kufikiri.

Nilikuwa mtulivu kabisa. Matokeo nayajua. Filimbi naijua. Filimbi ikapigwa. Kisha wakaonyesha kiatu cha Wandera kwa karibu, polepole, kitu ambacho siku ile ukumbini hatukuonyeshwa. Kilikuwa juu ya mstari. Nusu nzima ya kiatu.

Kamera ya uongo! Sijui ilikuwaje. Tai akaruka.

Runinga imepasuka pembe hadi pembe. Bawa jipya liko chini ya kochi. Mutisya, macho bado yamefumbwa, akauliza, "Imeingia?"

Kavutha akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama katikati ya sebule, akauliza nani amerusha.

Nikamtazama Mutisya.