Pindo la Tatu Ukutani

Ijumaa, 8 Novemba

Wiki moja tu kabla ya msimu wa kulungu. Usingizi hauji vizuri. Ukutani kwenye kambi ya kuwindia ya baba mkwe kumegongomelewa mapindo mawili ya mashati yangu, moja la mwaka juzi, moja la mwaka jana. Sheria ya kambi haina huruma. Ukimfyatulia kulungu ukamkosa, unakatwa pindo la nyuma la shati kwa mkasi, mbele ya watu. Yakifika matatu, basi. Unavishwa aproni, unakuwa mpishi wa kambi mpaka kufa, na bunduki hugusi tena. Aproni yenyewe ina maua ya waridi. Marehemu mjomba Veikko aliivaa miaka kumi na tisa.

Mimi? Maua ya waridi? Thubutu!

Nimetafakari sana na tatizo nimelipata. Si mimi. Ni bunduki.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi nzima dukani kwa Hocking. Nimeshika bunduki tano za wenzo, ule mkono wa chuma chini ya kifyatulio. Raha ya bunduki ya wenzo: unavuta chini, iliyomo inaruka nje, unarudisha juu, kraka-kraka, risasi nyingine iko tayari. Hocking akauliza nawinda wapi. Nikasema kwenye kinamasi cha mierezi, vichaka vitupu, kulungu unamwona hatua hamsini ukibahatika. Akasema basi jibu ni rahisi, nichukue ile fupi, nyepesi, isiyo na mbwembwe, kila mtu huku anayo.

Kila mtu anayo! Kwa maana hiyo hata Tauno anayo. Tauno ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na mkasi wa kambi hukaa mfukoni mwake.

Mimi nimeipenda ile ndefu, yenye shaba inayong'aa ubavuni na kulungu aliyechorwa. Hocking akasema ni nzito, itanasa kwenye matawi, na huyo kulungu wa kuchorwa ndiye pekee nitakayempata nayo. Wateja wawili wakacheka. Nikacheka nao, kwa adabu.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya ibada nilimvuta Tauno pembeni kwenye kahawa, nikamuuliza kama ndugu, achukue ipi mtu mwenye akili, fupi au ndefu? Akasema fupi, bila hata kufikiri. Safi! Tauno anataka nivae aproni. Kwa hiyo ndefu ndiyo sahihi. Ujanja huu haufundishwi shuleni.

Akaongeza, mdomo umejaa keki: "Lakini shemeji, bunduki yoyote ile, ukimwona mnyama vuta pumzi kwanza." Ushauri wa bure kabisa. Napumua tangu nizaliwe.

Jumatatu, 11 Novemba

Ndefu ni yangu! Hocking kakubali tubadilishane na mashine yangu ya kusukuma theluji. Uani hakuna theluji hata chembe, kwa hiyo nimemzidi akili. Lempi, mke wangu, kauliza mashine iko wapi. Nimesema iko kwa fundi.

Jumanne, 12 Novemba

Theluji mpaka magotini. Nimepiga koleo kwa muda wa saa tatu. Lempi alifungua dirisha, kikombe cha kahawa mkononi, akasema huyo fundi angefanya haraka kidogo.

Mchana, mazoezi sebuleni, bila risasi. Vuta, rudisha! Vuta, rudisha! Lempi kapiga marufuku kufyatua ndani ya nyumba, hata bunduki ikiwa tupu, kwa hiyo nimefanya wenzo tu. Mara mia mbili. Mkono sasa unakwenda wenyewe.

Alhamisi, 14 Novemba

Tumefika kambini. Sauna, pai za nyama, karata. Nimekuja na sweta. Sweta haina pindo! Tauno akapeleka malalamiko kwa baba mkwe, Mzee Kalervo, ambaye ndiye hakimu. Mzee akasema zamani kuna mtu alikuja bila shati kabisa, wakamkata suruali. Nimevaa shati.

Ijumaa, 15 Novemba

Siku ya ufunguzi. Saa moja na nusu asubuhi, dume! Pembe nane! Hatua thelathini, kasimama ubavu! Nikammiminia risasi zote sita, kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Hakuanguka. Hakukimbia hata. Alinitazama kwa muda, akaondoka taratibu kama mtu anayetoka kanisani.

Nimerudi kambini nikitukana bunduki. Nikawaeleza: mara sita, shabaha safi, bunduki mbovu. Tauno, aliyekuwa kichaka cha pili, akasema hakusikia kitu. Nikasema upepo. Mzee akasema upepo hakuna. Tauno akatoa mkasi. Nikayaona yale maua ya waridi. Mzee akasema hapana, kwanza tukatafute damu, huenda kajeruhiwa.

Damu haikuwepo. Chini ya mti wangu, kwenye theluji, kulikuwa na risasi sita. Nzima. Hazijafyatuliwa hata moja. Nilikuwa nimevuta wenzo na kurudisha, vuta, rudisha, mpaka zote zikaruka nje.

Tauno akakaa kwenye theluji akashika mbavu. "Shemeji! Hukumpiga, umempakulia!"

Jumamosi, 16 Novemba

Kesi imesikilizwa baada ya chai. Tauno alidai pindo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilisema nimefyatua na kukosa. Njia zilikuwa mbili: nilinde heshima nivae aproni, au nikubali aibu nibaki na bunduki. Nikasimama. "Baba, naapa kifyatulio sikukigusa! Hata kidogo! Nilichanganyikiwa mpaka basi!" Nilirudia mara tatu ili hata wa jikoni wasikie.

Mzee akaamua kwamba asiyefyatua hajakosa. Shati limepona! Nilimkumbatia. Halafu akazifunga zile risasi sita kwa waya, akazitundika katikati ya mapindo yangu, akaamuru zisiguswe mpaka atakapokufa yeye. Ana miaka sabini na moja na anakata kuni mwenyewe.

Jumapili, 17 Novemba

Nyumbani. Lempi kapita dukani kwa Hocking na kumwona akisukuma theluji kwa mashine yetu. Hakugomba. Amenipa koleo tu, na glavu.

Wakati nikichota theluji nimetafakari sana, na tatizo nimelipata. Si mimi. Ni wenzo. Laini mno! Ungekuwa mgumu, ningeshtuka kwenye risasi ya pili. Nimempigia Hocking simu. Anayo moja kuukuu, wenzo wake umeshika kutu, anasema unahitaji mikono miwili. Ndiyo yenyewe! Kauliza nina nini cha kubadilishana. Nimeshuka stoo ya chini ya nyumba kuangalia. Kuna lile friza kubwa la kuwekea nyama ya kulungu. Huu mwaka wa tatu liko tupu, linakula umeme bure.