Shamba la Bwana Harrop

Elkana aliliona shamba hilo kwa mara ya kwanza sokoni Cabramatta, huko ughaibuni, kati ya fungu la ndizi na fungu la sombe, yaani kisamvu. Na ikumbukwe kwamba shamba lenyewe halikuwapo. Aliyekuwapo ni Mama Anésie, Mrundi wa Toongabbie, akimnong'oneza shoga yake, kwa sauti ya kusikika hadi stesheni, kwamba ameweka akiba na anatafuta ardhi.

"Mama, Mungu amekusikia," alisema Elkana, akinyoosha tai. Tai ndiyo iliyokuwa ofisi yake.

Akamsimulia. Bwana Harrop, mlowezi wa zama za ukoloni, alipewa shamba Toongabbie na gavana. Alikwenda kutafuta mbao za ua. Kurudi, serikali ile ile imeshampa mtu mwingine. Alishitaki mpaka akaingia kaburini. Sasa vitukuu wake wamefufua kesi, na Elkana, wakala wao mnyenyekevu, anauza vipande kabla ya hukumu, bei ikiwa bado ya kindugu.

"Maskini Harrop!" Mama Anésie aliguna. "Bon, sawa. Lakini kwetu, papa, ardhi haiuzwi kama dagaa. Muuzaji anaita mashahidi pale shambani, anawalisha, anawanywesha. Bila hivyo, hajauza kitu."

"Mashahidi wangapi?"

"Wa kutosha kukumbuka."

Elkana alinunua mbuzi na bia kwa kodi ya chumba chake, akamwalika na Mutua, mwenye nyumba aliyekwisha kumtishia kumfukuza, aje alipwe palepale.

Jumapili, kando ya kijito cha Toongabbie, mashahidi walimiminika na ngoma, viti, na mtoto mchanga aliyevalishwa nyeupe pepepe. Elkana alihutubia mipaka, akaunyooshea kidole mkalitusi mmoja kwa heshima kubwa. Walimshangilia kwa dhati, maana nyama ilikuwa imeiva.

Mifupa ilipobaki mitupu, Mama Anésie alisimama.

"Swali moja, papa. Harrop alipewa na gavana. Gavana alipewa na nani?"

Elkana alikohoa. "Na... mfalme."

"Na wenyeji wa asili wa hapa, walinyweshwa bia na nani?"

Elkana alinyoosha tai tena.

"Basi shahidi wa kwanza, mwenyeji mwenyewe, hajaitwa; sinunui. Shamba la baba yangu pia serikali ilimpa mtu mwingine. Ndiyo maana nikazeekea kambi ya wakimbizi Tanzania. Hadithi yako naijua, ila wewe unaisimulia kama muuzaji; mimi niliachwa nje ya ua."

Kisha akapiga makofi, na keki ikaletwa, imeandikwa kwa sukari: *Hongera Fiacre kwa ubatizo.*

"Mjukuu wangu," alieleza kwa upole. "Padri aliyembatiza leo asubuhi anataka kumshukuru mfadhili wa karamu. Simama, papa, wakuone."

Elkana alisimama. Pembeni yake Mutua alikuwa akifyonza ubavu wa mwisho.

"Kumbe kodi yangu ni tamu hivi, bro," alisema, akijipangusa vidole. "Lakini leo hulali kwangu."